Chai ya Kumuaga Twilumba

Mgaya, mwenyekiti wa kampuni ya maziwa pale Njombe, alisimama mbele ya wanahisa na suti yake mpya. "Faida imekuwa mara mbili ya mwaka jana. Asiyeongeza hisa leo, kesho asije kunililia."

Watu wakapanga foleni kununua. Twilumba, mfugaji aliyeishi ng'ambo ya barabara, akanyoosha mkono. "Mimi nauza zangu. Ila kwa bei mnayouzia leo, sijui mjinga gani atazinunua."

"Mjinga ni anayeuza," Mgaya akacheka. "Nazinunua mimi, sasa hivi, watu wote waone."

Akamtumia pesa kwa simu palepale. Ukumbi mzima ukamcheka Twilumba. Yeye akashukuru kwa adabu, akasema, "Basi niageni kwa chai ya maziwa yetu."

Mgaya akamnong'oneza dereva wake atafute maziwa popote. Haukupita muda, dereva akarudi na ndoo imejaa.

Twilumba akaonja chai. "Matamu. Umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Si kwako, mama? Nimewakuta zizini mwako ng'ombe wote wa kampuni, wale ambao mwenyekiti alimpa dalali awauze."

"Ndiyo hiyo faida mliyosomewa," Twilumba akawaambia wenzake. "Mwaka huu kauza ng'ombe. Mwakani labda atauza ndoo."

Foleni haikuvunjika. Iligeuka tu: sasa kila mtu alitaka kumuuzia Mgaya hisa zake, kwa bei ileile, watu wote waone.