Rangi Juu, Ufa Chini

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa nawaita, walio jikoni na walio barazani!

Pakawa tumekuja, tumekaa, tupe!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na magari. Naam, magari. Hata Fisi alikuwa nalo, ila la Fisi lilinuka, hakuna aliyelipanda.

Wanyama hao walikuwa na bima yao. Kila mavuno, kila mwenye gari alipeleka kikapu cha mtama kwenye ghala la bima. Gari lako likigongwa, unakwenda bimani, unasema. Bima inamleta Kakakuona. Kakakuona analala chali, anaingia chini ya gari, anagusa kila chuma kwa kucha zake. Kilichovunjika kinatengenezwa, na ghala linalipa. Ndivyo walivyokubaliana.

Basi palikuwa na mjane mmoja wa ukoo wa swala, Bi Tohe. Gari lake lilikuwa kuukuu, lakini zima. Kiangazi kikikaza, visima vikikauka, yeye ndiye aliyewateremsha wanyama mtoni. Wazee, wagonjwa, wenye mimba, wote walipanda kwa Bi Tohe. Jirani yake alikuwa Ngiri. Ngiri alikuwa na mke, Bi Tunu, na watoto wengi wa mkia juu. Hakuwa mbaya Ngiri. Alikuwa na haraka tu.

Siku moja Bi Tohe anapanda kutoka mtoni, Ngiri anashuka. Kwenye kona, Ngiri hakupunguza mwendo. Puu! Krrrr! Gari la Bi Tohe likabonyea ubavu, taa ikamwagika chini vipande vipande.

Ngiri akatoka garini mbio. "Umeumia, jirani?"

"Mimi mzima. Gari ndilo limeumia. Twende bimani."

Ngiri akapiga magoti, mnavyojua ngiri wanavyopiga magoti. "Jirani, nakusihi. Kiangazi hiki nimekwisha kugonga wengine. Bima wameniambia, nikigonga tena wananitoa barabarani. Watoto wangu watakula nini? Usiende bimani. Tuyamalize wenyewe. Nitakutengenezea mimi, lirudi kama jipya."

Bi Tohe aliwafikiria wale watoto. Akamfikiria Bi Tunu, aliyempikia uji siku zote za matanga ya mumewe.

"Haya," akasema. "Tuyamalize wenyewe."

Wakaenda kwa Kima, fundi wa kando ya njia. Kima akachukua nyundo, ko! ko! ko! Akanyoosha bati. Akaweka taa. Akapiga rangi, swaa! swaa! Gari likang'aa, Bi Tohe akajiona uso wake mlangoni.

"Na chini?" Bi Tohe akauliza.

"Chini hakujabonyea kitu," akasema Kima. "Mimi nimeitwa kunyoosha bodi, na bodi imenyooka."

Ngiri akalipa, wakapeana mikono. Mambo yakaisha. Kumbe hayakuisha.

Bi Tohe akarudi kazini. Akikata kona, gurudumu la mbele linalia: kwi-kwi-kwi, ngwe! Kwi-kwi-kwi, ngwe!

Akamwendea Ngiri. "Jirani, gari linalia."

"Vumbi hilo," akasema Ngiri. "Kiangazi hiki kila kitu kinalia."

Akamwendea Kima. Kima akapaka mafuta. Gari likanyamaza, kisha likaanza tena: kwi-kwi-kwi, ngwe!

Siku nyingine Bi Tohe akapita mbele ya nyumba ya Kakakuona. Akasimama. Akataka kupiga hodi. Moyo ukamwambia, "Utasemaje? Ulificha. Ukisema leo, utamchongea Ngiri, na wewe mwenyewe utaonekana mwongo." Akaondoka. Gari linalia, naye kimya.

Kiangazi kikazidi kuwa kikali. Asubuhi moja, wanyama wakapanda, wamebeba madumu. Bi Tunu naye akapanda, akakaa mbele.

"Shoga, ngwe-ngwe hiyo ni nini?"

"Vumbi, shoga," akasema Bi Tohe. Ndivyo alivyomjibu.

Wakafika kwenye mteremko wa mtoni. Kwi-kwi-kwi, ngwe! Kwi-kwi-kwi, TAA! Chuma kinachoshika gurudumu kikakatika. Usukani ukazunguka bure mikononi mwa Bi Tohe. Gari likaacha njia, likabingirika, gudu, gudu, gudu, hadi kwenye mawe. Kisha kimya. Madumu peke yake ndiyo yaliyokuwa yakiviringika.

Wengine walitoka na michubuko. Bi Tohe alivunjika mguu. Bi Tunu hakutoka.

Ngiri alikuja mbio, akamkuta mkewe amelazwa kwenye majani. Akamwita. Akamwita tena. Watoto wake wakasimama nyuma yake, mikia imeshuka.

Kakakuona akaja, akaingia chini ya gari lililopinduka. Alipotoka alikuwa na kipande cha chuma.

"Tazameni. Hapa panang'aa, pamekatika leo. Hapa pana kutu. Ufa huu ni wa zamani. Gari hili liligongwa. Nani aliligonga, na kwa nini sikuitwa?"

Bi Tohe alikuwa amelala pale, mguu umefungwa vijiti. Akamtazama Ngiri.

"Mimi," akasema Ngiri. "Niliomba tuyamalize wenyewe."

"Nami nilikubali," akasema Bi Tohe. "Nikausikia ufa unalia, nikauita vumbi."

Kakakuona akakaa chini. "Mngeniita siku ile, ningeuona kabla jua halijasogea."

Hakuna aliyewapigia kelele. Afadhali wangepigiwa.

Wakamzika Bi Tunu. Ngiri akatolewa barabarani, lakini alikuwa amekwisha kuliacha gari mwenyewe. Bi Tohe alipona akichechemea. Wazee na wagonjwa wakashuka mtoni kwa miguu, na wengine hawakuweza kupanda tena kurudi. Jioni Bi Tohe aliwapelekea uji wale watoto. Aliuweka mlangoni. Ngiri aliuchukua. Hawakutazamana.

Enyi wadogo, enyi wakubwa, sikieni. Huruma ya kuficha si huruma. Jambo la wawili likiwa barabarani, si la wawili tena, maana njia ina wapitao wengi. Kilichogongwa kionyesheni kwa anayejua kutazama chini, hata kama mtaona haya. Haya hupita. Aliyekufa harudi.

Nami hadithi yangu imekomea hapo mlangoni pa Ngiri. Aliye na ya furaha, na atupe yeye.