Muuza Vitambaa Aliyekatazwa Kukaa

Wapendwa, kulikuwa na mwanamke mmoja, tumwite Aikande, aliyeuza vitambaa katika duka kubwa mjini. Kazi yake aliipenda. Alijua kukunjua jora mbele ya mteja mpaka mteja akasahau kilichomleta. Lakini tajiri wake alikuwa na sharti: muuzaji hakai. Mteja akikukuta umekaa, alisema, ataona humhitaji. Basi tangu duka lifunguliwe hadi lifungwe, Aikande alikuwa wima.

Mwili nao una kikomo. Mishipa ya miguu ikaanza kuvimba, ikajisokota chini ya ngozi kama mizizi. Kufika jioni miguu inawaka moto, mizito, haivutiki. Nesi akamweleza kwamba mishipa imechoka kupandisha damu. Awe anapumzika mara kwa mara, na akikaa aiinue miguu. Aikande akamwendea tajiri, akaomba japo kigoda. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Kanisani alikuwa mzee wa baraza. Akamjibu kwa upole kwamba dukani hakuna nafasi ya kiti. Aikande akashona sketi ndefu, akaifunika miguu yake, akaendelea kutabasamu.

Nani kati yetu hajawahi kufunika maumivu kwa sababu aliyemwonyesha hakuyatazama?

Siku moja akaingia mama mzee kutoka kijijini, akakalishwa kwenye kiti pekee cha wateja. Alikuwa mama mzazi wa tajiri, ila Aikande hakumjua. Akawa anamwonyesha vitenge huku akihamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Yule mama akaacha kutazama vitenge.

"Mwanangu, hebu pandisha hiyo sketi kidogo."

Aikande aliona haya, lakini akapandisha. Mama naye akainua kanga yake. Mishipa ilikuwa ileile.

"Mimi nilisimama kiwandani nachambua kahawa mpaka mwanangu akamaliza shule," akasema. "Njoo ukae hapa."

Aikande akakataa, akasema atafukuzwa. Mama akamshika mkono, akamkalisha. Alipokaa tu, machozi yakamtoka.

Hapo tajiri akatoka ofisini. Akamkuta mama yake amesimama, ameegemea kaunta, na mfanyakazi amekaa. Akakimbilia stoo, akarudi na kiti mikononi, akakifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

Mama hakukikalia.

"Kumbe viti vipo," akamwambia mwanawe. "Ila mpaka asimame mama yako."

Tajiri akainamisha kichwa. Jioni ile viti vikatolewa vyote, vikapangwa nyuma ya kaunta. Mishipa ya Aikande haikupona kwa hilo, maana kilichovimba miaka mingi hakinywei kwa siku moja. Lakini alirudi nyumbani bila kushika ukuta.

Ndugu zangu, sisi si wakatili. Sisi ni kama tajiri yule. Huruma tunayo, tena nyingi, tumeifungia stoo tukiwawekea wa kwetu. Yule mlinzi wa getini kwako, yule dada anayekusuka nywele, yule mpishi wa shule ya mwanao, wao ni wa nani?

Tena tusiende mbali. Geukeni mtazame mlangoni. Wahudumu wetu wamesimama pale tangu ibada ya asubuhi, na humu ndani mabenchi yana nafasi. Sitasema neno jingine mpaka wakae. Sogeeni.