Paka wa Bwana Karantini

Bwana Sheweji, mkubwa wa karantini ya wanyama bandarini, alikuwa na jicho la ajabu. Kila mnyama mzuri kutoka ng'ambo alimkuta na kingamwili za mafua ya binadamu, alama ya ugonjwa katika damu, akamzuia. Wiki ikipita, mnyama anaonekana sebuleni kwake.

Bi Mwanakheri, fundi cherehani, alilijua hilo. Binti yake alipomletea paka mweupe kutoka Maskati, akaamriwa ampeleke kupimwa. Aliingia ofisini na vikapu viwili, akatua kimoja mezani. Mkia mweupe ukachungulia.

"Ana kingamwili huyu," alisema Sheweji. "Anabaki."

"Mbona hujamtoa damu, mwanangu?"

"Jicho langu halijakosea hata siku moja, mama."

"Na aliyelala naye nyumba moja, je?"

Sheweji akaona pa kumtishia. "Anafungiwa siku kumi na nne! Kila aliyelala na paka huyu nyumba moja."

"Niandikie hivyo hivyo, mwanangu, wasije wakabisha nyumbani."

Akaandika, akagonga muhuri.

Bi Mwanakheri akaikunja karatasi, akaisunda kifuani, ndipo akafungua kikapu. Paka akaruka moja kwa moja mapajani mwa Sheweji, akajikunja, akaanza kukoroma kwa raha.

"Amekuzoea," alisema Bi Mwanakheri. "Nimemwazima kwa mkeo asubuhi."

Kisha akapandisha kikapu cha pili mezani.

"Wangu ndiye huyu. Mpime, mwanangu. Mara hii kwa sindano."