Kisiki cha Eliamani

Mtu mmoja alikuwa na shamba mlimani, upande wa Upare, mahali ambapo ardhi imeinama kama paa la nyumba. Jina lake Eliamani. Shamba lilikuwa la marehemu baba yake, na kila masika lilipungua, maana mvua ilishuka na udongo hadi mtoni. Mwaka huo mwamba ulishaanza kuchungulia. Eliamani alijua kwamba udongo ukiondoka mara moja tena, yeye na mkewe Nakijwa watafunga virago, washuke tambarare kulima kibarua kwenye mashamba ya watu. Wazo hilo lilimnyima raha hata wakati wa kula.

Akaamua kukata matuta ya kukinga maji, yaukate mteremko kutoka upande hadi upande. Akaitisha msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ambayo kwa Wapare mtu halipwi, hulishwa tu. Yeye mwenyewe alibakiwa na kazi moja: kupima mstari wa kwanza, ule wa juu kabisa, kabla watu hawajafika. Alikuwa na kipimo cha miti miwili iliyofungwa vichwa, miguu ikatanuka, kijiti kikakingama kati yake, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka juu. Uzi ukitulia katikati ya kijiti, miguu yote miwili iko usawa mmoja, na maji yakifika hapo yatasimama, hayatapata pa kukimbilia.

Alipima vizuri hadi katikati ya shamba. Hapo palikuwa na kisiki cha mkuyu. Kuking'oa kungemla asubuhi nzima, na tayari alisikia watu wakipanda njiani na majembe yao, wakitaniana. Akaona haya kuwasimamisha watu wazima wamngoje. Basi akakizunguka kisiki kwa chini, akashuka kidogo, halafu akapanda tena upande wa pili. Kidogo tu. Ungesimama mbali usingeona.

Watu wakafika, wakakata fimbo za urefu mmoja. Kila kundi lilipima kutoka kwenye tuta lililo juu yake, kisha likachimba. "Sambamba!" wakaitana, na neno hilo likawa wimbo wa siku. Nao maana yake walikuwa wanaijua: ni mistari inayokwenda pamoja, haikaribiani wala haiachani, hata ukiifuata hadi mwisho wa dunia. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Fimbo ililingana kila mahali. Jioni waliketi kula makande huku wakilitazama shamba, na sifa zikamwagika kuliko mchuzi.

Nakijwa ndiye aliyekuwa akipakua. Alilitazama shamba kwa muda, akamwinamia mumewe, akamwita kwa jina la mtoto wao, akamwuliza polepole: "Baba Niendiwe, kweli yote yako sambamba. Lakini lile la kwanza liko sambamba na nini?"

Eliamani alilijua jibu. Akisema, itabidi watu warudi kesho waanze upya. Na watu walikuwa hoi, tena walikuwa wakimsifu, na sifa ni tamu, nani asiyejua. Akamwomba mkewe maji ya kunywa.

Masika yakaingia. Maji yakajaa nyuma ya tuta la kwanza, yakatafuta pa chini, yakapaona pale kwenye kisiki. Yakapasua. Tuta la pili lilikuwa limepinda mahali pale pale, kwa sababu lilipimwa kwa uaminifu, nalo likapasuka. Na la tatu. Na yote, hadi mtoni. Kulipokucha palikuwa na korongo katikati ya shamba, na maharage ya Nakijwa yalikuwa yamekwenda na maji.

Majirani walikuja kutoa pole. Kila mmoja aliapa kwamba tuta lake lilikuwa sambamba na lile la juu yake, na kila mmoja alisema kweli. Eliamani aliwasikiliza wote hadi wa mwisho. Kisha akalia mbele yao, mtu mzima na ndevu zake, akawaeleza habari ya kisiki. Akachukua shoka na sururu, akapanda kwenda kuking'oa. Kazi ile ilimchukua asubuhi moja, ile ile aliyoionea uchungu. Udongo uliobaki kando mbili za korongo ulitosha kuanzia, haukutosha kujivunia, na safari hii kila mstari aliupima kwa jiwe na uzi.

Nanyi mnaojisifu kwamba hamjapishana na waliowatangulia hata kwa unywele, je, mmewahi kupanda juu kutazama yule wa kwanza alizunguka kisiki gani?