Alama ya Binzari kwenye Noti ya Shilingi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio yapo?
— Yapo, mwaga!

Hapo zamani za kale, wanyama walipoanza kutumia pesa za karatasi, Bi Kinyonga aliuza bajia sokoni. Alikanda unga wa dengu kwa binzari ya manjano, akashika noti kwa mkono uleule. Basi kila shilingi iliyopita kwake ilibaki na alama ya vidole vyake.

Siku moja zikaingia shilingi bandia. Nani hukagua noti ya shilingi? Muuza chumvi alipokea, muuza mkaa alipokea, muuza ndizi alipokea. Walipokuja kushtuka, zote zina namba ileile moja, na zote zina alama ya vidole vya Bi Kinyonga.

“Ni wewe!” akasema muuza chumvi.

“Ni wewe!” akasema muuza mkaa.

“Ni wewe!” akasema muuza ndizi.

Mzee Nyati, mkuu wa soko, akakata shauri: “Funga virago. Usionekane hapa tena.”

“Mzee wangu, wanangu watakula nini?”

Rafiki zake wakatazama chini. Bi Kinyonga akawa kijani, akawa kahawia, akawa mweusi kwa uchungu.

Ndipo akasimama Bi Bata, mfua nguo. “Ngojeni. Doa la binzari likikutana na sabuni huwa jekundu.”

Akapaka sabuni shilingi halali: alama ikawa nyekundu. Akapaka bandia ya kwanza: njano. Ya pili: njano. Ya tatu: njano vilevile.

“Hii ni rangi ya kuchora,” akasema. “Mkono wa Bi Kinyonga haujaigusa.”

Ngedere, mchora mabango, akaropoka: “Kwani ile alama si sehemu ya noti? Kila shilingi niliyowahi kushika inayo!”

Soko zima likamgeukia. Mlafi yule! Shilingi zake zote zilikuwa chenji ya bajia, ndiyo maana alipochora bandia alichora na alama.

Ngedere akalipa kila aliyemwibia, na Mzee Nyati akaomba radhi. Bi Kinyonga hata hakumsikia. Alikuwa ameshika mabawa ya Bi Bata, machozi yanamtoka.

“Dada, hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Kwa nini umenisimamia?”

“Nafua kanga zako mwaka wa tatu huu. Nayajua madoa yako.”

“Ahsante, dada. Ahsante sana. Wanangu wakila leo, wewe ndiye uliyewalisha.”

Hadithi yangu imefika kituo. Funzo lake: ukijua neno la kumwokoa mwenzio, liseme, nawe ukiokolewa, usichoke kushukuru. Anayesema nimeongopa, aje akae hapa aongope yeye.