Mche wa Mbaruku na Pua ya Sultani

Palikuwa na Sultani Makame wa Ungamaji, mwenye mashamba ambayo hata mwenyewe hakujua yanaishia wapi, na bado alikosa raha kwa ajili ya kijishamba kimoja ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha Mbaruku, mkulima wa mchicha, pale kando ya chemchemi. Kidogo, ndiyo, lakini udongo wake mweusi ti, na maji hayakauki hata kiangazi. Sultani alikitaka. Mbaruku hakiuzi. Na kumnyang'anya hivihivi mchana kweupe Sultani aliona haya, kwa sababu alipenda sana kuitwa mwadilifu.

Basi akapigisha mbiu: bangi ni marufuku, na atakayeonekana ameipanda, shamba lake ni la Sultani. Watu wakatazamana. Walevi wa tembo la mnazi mjini walikuwa tele, lakini bangi? Nani aliwahi kuitaja?

Kisha akamwita Mbaruku faraghani, wakiwa wawili tu, akamtia mbegu kiganjani.

"Za nini hizi, Maulana?"

"Wewe panda tu. Si unajisifu mkulima? Zisipoota nitajua hustahili shamba la chemchemi, nami nitalichukua."

"Na zikiota?"

"Zikiota, nitakuja kuziona."

Mbaruku akarudi nyumbani akizigeuzageuza. Vimbegu vya mviringo, vya kijivu, vina madoa kama mayai ya kware. Hakupata kuziona maishani. Na huyu bwana ukimpa mbegu asiyoijua, hata njaa anaisahau! Akaziloweka kwenye kifuu cha nazi, akawa anachungulia kila mara. Zilipotoa ncha nyeupe alimwita mkewe mbio, mama wa watu akadhani nyumba inaungua.

Za mwanzo alizimwagilia kama mchicha, asubuhi na jioni. Zikaoza. Nyingine zikafukuliwa na kuku. Zilizobaki akazizungushia ua wa miiba, akaziacha zipigwe na jua, maji akizipa pale tu udongo ulipokauka. Lo! Zikapanda. Zikampita kiuno, zikampita kichwa, majani yametanuka kama vidole vya mtu anayedai haki yake.

"Baba Saumu," mkewe, Mwanashee, akasema, "mboga gani hii inayonuka kama beberu aliyefukizwa udi?"

"Hata mimi nataka kujua, Mama Saumu."

Mbuzi ndiye aliyewajulisha. Mbuzi wa jirani aliruka ua, akala matawi ya juu, akashiba, kisha akaenda kusimama mbele ya ukuta. Akautazama ule ukuta kwa mapenzi makubwa mpaka jua likatua. Mwenyewe alipokuja kumvuta, mbuzi akamwegemea begani akakoroma.

Hapo Mbaruku akaikumbuka ile mbiu. Akakaa chini kwenye matope.

"Ng'oa!" Mwanashee akalia. "Ng'oa sasa hivi!"

"Niking'oa, atasema hazikuota. Shamba limekwenda. Nikiziacha, shamba limekwenda vilevile."

"Watoto watakula nini?"

 Mbaruku aliitazama ile miche aliyoilea kama wanawe, akainuka, akajipangusa matope. "Ngoja aje," akasema. "Anayependa kusema, mwache aseme."

Sultani akaja. Akaja na Kadhi, na askari, na nusu ya mji nyuma yao. Hata uani hajaingia, akasimama njiani, pua juu.

"Bangi!" akanguruma. "Naisikia harufu yake toka hapa! Mbaruku, umepanda bangi!"

"Nimepanda mbegu, Maulana. Jina sikupewa."

"Usijitie ujinga. Hii ni bangi."

"Mimi nimelala nayo, nimeamka nayo, sikulijua jina lake. Maulana umeijua toka njiani, na ua katikati. Umeijuaje?"

Watu wakaanza kukohoakohoa. Sultani akakunja uso.

"Nimeisoma kitabuni!"

"Kitabu hicho kina harufu?"

Mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Sultani akamgeukia Kadhi.

"Kadhi! Waambie huu ni mti gani!"

Kadhi akavuta ndevu. Akisema anaijua, ataulizwa ameijulia wapi. "Maulana, mimi nimesomea mirathi na talaka. Mambo ya majani sina habari nayo."

"Kombo!" Huyu alikuwa mkuu wa askari, ambaye macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, Idi na siku za kawaida. "Kombo, sema! Huu ni mti gani?"

Kombo akatazama mbinguni kana kwamba mvua inakuja. "Mimi, Maulana? Mimi naijua bizari peke yake."

"Nyie watu! Nani hapa anaijua bangi?"

Kila mtu akakumbuka kutazama viatu vyake, na wasio na viatu wakatazama vya wenzao.

Sultani akafoka. "Mbaruku, askari wangu watakutoa humu leo hii!"

"Maulana ni mwadilifu," Mbaruku akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kabisa. "Hatanitoa bila hukumu. Kadhi yupo. Ahukumu."

Kadhi akavuta ndevu tena. "Sheria inataka ushahidi, Maulana. Shahidi mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili."

"Ushahidi wa nini?" Sultani akapiga kelele, akaupiga ua teke, miiba ikamchoma. "Ushahidi wa nini, nyie! Hata mpumbavu akiuona mti huu atajua ni bangi!"

Mbaruku akamwinamia kwa adabu zote.

"Kadhi umesikia," akasema. "Mmoja tumeshampata. Tafuteni wa pili."