Banda la Farasi na Jani la Sale

Sogezeni viti. Mwenye ubishi akae mbele, maana leo namtaka yeye. Wapole watasikia hata wakikaa nyuma.

Palikuwa na watu watatu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Estomihi, dalali, alipewa ulimi: angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru. Eliapenda, fundi ujenzi, alipewa mikono: ukuta uliopinda ukimwona anakuja ulijinyoosha wenyewe. Na Awinia, mtunza nyumba, alipewa dharau. Msicheke, dharau nayo ni kipaji. Awinia alikuwa akikutazama mara moja tu, unaanza kukagua vifungo vya shati lako. Hakuwahi kumwomba mtu chumvi, sembuse radhi, na kijiji kizima kilimjua hivyo.

Nyumba moja ndiyo iliyowakutanisha. Aliijenga mlowezi wa Kiingereza aliyelima kahawa, akaiga nyumba ya babu yake huko kwao, mtindo wa enzi za wafalme wao waliopokezana jina la Joji mpaka wakafika wanne, kana kwamba majina yaliwaishia. Mbele aliweka nguzo nene zilizobeba kipaa kidogo cha kumkinga mtu mmoja mvua. Madirisha ya kushoto yalilingana na ya kulia. Na kwa kuwa ngazi ya ndani iliziba nafasi ya dirisha moja la kulia, mlowezi hakukubali kushindwa na ngazi: alibandika fremu na vioo juu ya ukuta mtupu ili upande mmoja usizidiwe na mwenzake. Mama yake Awinia alilifuta dirisha hilo la uongo kila wiki hadi alipofariki. Awinia aliporithi kazi alilifuta mara moja, akaona nyuma ya kioo ni tofali, akasonya. Tangu siku hiyo vumbi lilijikalia pale bila bughudha.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la nje, chumba cha kufulia, na banda la farasi. Farasi walikuwa wameshakufa zamani. Humo ndimo alimozaliwa Awinia, na hapo nje, kwenye kihamba kidogo cha migomba, ndipo alipozikwa mama yake, masale, mimea ile ya majani marefu, yakiwa yamepandwa kichwani pake. Kwa Wachaga kihamba ni zaidi ya shamba. Ni mahali walipolala watu wako. Awinia hakuwa na kihamba kingine duniani, na hicho nacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha Bwana Aikaeli.

Huyo Aikaeli nyumba aliirithi kwa baba yake, aliyeinunua kwa mlowezi, na kiburi alijitafutia mwenyewe Dar es Salaam. Alirudi amevaa koti zito la sufi, akawa anaketi barazani kati ya nguzo akijiona bwana mkubwa wa Kiingereza. Majirani aliwapungia mkono akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa. Alipochoka kuigiza, akataka kuuza, akawaita wale watatu.

"Natamka hapa mbele yenu," alisema. "Atakayefanikisha nyumba hii kuuzwa, banda la farasi na kihamba chake ni mali yake. Isipouzwa, nafunga kila kitu na kila mtu anahama."

Mtu bahili hutoa asichokihitaji. Lakini watatu wale walikihitaji. Estomihi alikuwa anaishi ukweni, mwanamume mzima, na kila asubuhi mama mkwe alimsalimia kwa sauti ya kumkumbusha. Eliapenda alikuwa mtoto wa katikati: kwa mila, ardhi ya baba huenda kwa kifungua mimba na kitinda mimba, wa katikati hupewa baraka. Na baraka hazipandwi migomba. Awinia yeye alitaka jambo moja tu, asihamishwe pale alipolala mama yake.

Basi Estomihi akafanya yake. Alizunguka Moshi na Arusha, akazungumza mpaka koo likamkauka, kila aliyemsikiliza akaambiwa nyumba ile ni mbovu mno na inamfaa mwingine. Ulimi wenye akili! Mama mmoja mwenye mahoteli Arusha, Mama Siaeli, akataka kuja kuona nyumba ambayo dalali anaikataza.

Eliapenda naye akafanya yake. Kipaa kilikuwa kimelala upande, nguzo moja imeoza kwa ndani, na ukisukuma mlango mkubwa chokaa ilikudondokea kichwani. Aliijenga nguzo upya, akakinyanyua kipaa kidogo kidogo kwa magogo na kabari, nyumba ikasimama wima kama aliyeitwa jina lake kanisani.

Hapo ndipo ulimi ulipoharibu. "Bwana," Estomihi alimwambia Aikaeli, "wenye fedha hawapendi majani ya kienyeji. Wanataka bustani iliyonyolewa, na maua ya waridi."

Aikaeli akanyoosha kidole kwenye safu ya masale yaliyozunguka shamba lote. "Ng'oeni magugu yale."

Eliapenda akachukua jembe, akayang'oa kuanzia bondeni mpaka barabarani. Sale ndilo mpaka, hata mtoto anayetambaa anajua. Ukiling'oa, umemwambia jirani yako kwamba unataka cha kwake. Estomihi alijua, Eliapenda alijua, lakini tamaa ya kihamba ilikuwa imewapofusha. Awinia naye alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia akikamua shuka, akawatazama. Neno moja lingetosha. "Acha waumbuke," alisema moyoni, akaanika shuka lake. Alikuwa amefurahi kweli.

Mama Siaeli alikuja, akapita kati ya nguzo, akapanda ngazi, akashuka, akapenda. Kwenye dirisha la uongo alisimama akacheka. "Hili haliingizi mwanga wala halitoi moshi. Limefanana na mwenye nyumba." Awinia alimpenda papo hapo, jambo lililokuwa nadra. Kisha mama yule akatoka kwenda kuona mipaka.

"Masale yako wapi?"

"Yale magugu?" alisema Aikaeli. "Tumesafisha, mama."

"Umesafisha mpaka! Mimi ni Mchaga, baba, usinidanganye kwa waridi. Nanunua nyumba, sinunui ugomvi. Majirani waje wasimame hapa wanionyeshe kwa midomo yao mpaka unapita wapi. Wasipokuja leo, narudi Arusha na sirudi tena."

Majirani walikuwa wamefunga milango tangu masale yang'olewe, na mkubwa wao alikuwa Mzee Ndetaramo. Aikaeli aliambiwa aende na jani la sale, kwani anayekuletea jani hilo kuomba radhi humfukuzi. "Mimi?" alisema. "Nikampigie magoti mkata ndizi?" Akajifunga koti lake la sufi, na jua linawaka. Estomihi akaenda, mzee akamjibu akiwa ndani, "Ulimi huo nimeshausikia sokoni." Eliapenda akaenda na udongo wa masale ungali kwenye kucha. Hakufika hata uani.

Awinia akatazama gari la Mama Siaeli, dereva ameshafungua mlango. Akaenda nyuma ya banda. Masale yote ya shamba yalikuwa yamelundikwa yamenyauka, yaliyobaki hai ni yale ya kaburini. Akachuma jani kichwani pa mama yake, akapita nalo katikati ya kijiji mkononi, watu wakitoka milangoni kushuhudia maajabu. Kwa Mzee Ndetaramo akapiga magoti.

"Ni wewe uliyeyang'oa?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba."

"Sasa unaomba radhi ya nini?"

"Niliwaona, nikanyamaza. Nilitaka waumbuke."

Mzee akalipokea jani. "Awinia kupiga magoti," alisema akiwageukia majirani wenzake. "Haya, twendeni, kabla hajabadili nia."

Wakaja, wakasimama, wakaonyesha mpaka kuanzia bondeni mpaka barabarani, na nyuma yao Eliapenda akayarudishia masale shimo kwa shimo. Mama Siaeli akatoa mkono. Nyumba ikauzwa.

"Banda nitaliacha kama lilivyoahidiwa," alisema mama yule, "lakini atakaa mmoja na wa nyumbani kwake. Nimenunua nyumba, sikununua kijiji. Nipeni jina moja."

Wote wakamgeukia Aikaeli. Bwana mkubwa akautoa ufunguo wa banda mfukoni, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha la uongo. "Malizaneni wenyewe," alisema. Akaingia garini, akapandisha kioo, akawapungia mkono.

Hapo moto ukawaka.

"Bila ulimi wangu," alisema Estomihi, "nyumba hii ingekuwa inauzwa kwa popo."

"Ungemleta huyo mama aangukiwe na kipaa," alisema Eliapenda. "Tena masale nani kayarudisha?"

"Nani aliyang'oa?" aliuliza Awinia. "Mmoja ulimi, mmoja jembe. Mmevunja chungu wenyewe halafu mnataka zawadi ya gundi! Mimi nimepiga magoti mbele ya kijiji kizima, na jani nimelitoa kichwani pa mama yangu. Nani mwingine hapa ametoa cha kwake?"

Eliapenda aliinamisha kichwa. Lakini Estomihi, ambaye ulimi wake haukujua kulala, alijibu taratibu, bila hila kwa mara ya kwanza maishani.

"Dada Awinia, sisi tulikuwa vipofu kwa tamaa. Wewe ulikuwa unaona, umekiri mwenyewe mbele ya mzee. Ungesema neno moja, masale yangebaki, na mama yako asingechumwa jani. Ulituuza sote kwa kicheko kimoja cha moyoni. Sasa nani kati yetu ana makosa machache?"

Awinia alimtazama kwa jicho lile lile la kukagua vifungo. Estomihi hakugusa shati lake. Basi Awinia akaligeukia dirisha, akaiona sura yake kwenye kioo chenye vumbi, na mbele ya sura hiyo ufunguo. Hakuunyakua. Wala wale wawili hawakuunyakua, na Mama Siaeli amesimama kwenye ngazi za baraza anangoja jina.

Hadithi yangu imeishia mlangoni mwa banda, kuufungua ni kazi yenu. Aliyeleta mnunuzi anarudi usiku huu kwa mama mkwe. Aliyeisimamisha nyumba hana pa kusimika yake. Na aliyepiga magoti ana mama chini ya migomba ile, na neno moja alilolimeza. Ufunguo ni mmoja. Je, nyie mngemkabidhi nani? Haya, wewe mbishi wa mbele, anza.